Mwenye Kadi ni Arlys

Badlands, Dakota Kusini
22 Aprili 1997

Shemeji Twila,

Habari za Pella, na goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima. Gari limetufikisha bila kulalamika, ila upepo wa hii tambarare ulitusukuma kutwa nzima na mikono bado inaniuma kwa kung'ang'ania usukani. Arlys anakula vizuri. Mwambie mchungaji kwamba Jumapili hatukukosa ibada. Tulisali na Walutheri katika mji mmoja mdogo, na kahawa yao ni nyepesi kuliko ya kwetu.

Sasa nikuchekeshe. Hapa langoni mwa hifadhi mdogo wako alitoa cheti chake cha kuzaliwa, akalipa dola kumi, akapewa kadi ya wazee. Dola kumi kwa maisha yote. Kuanzia leo hadi anaingia kaburini, yeye na kila aliyemo kwenye gari lake wanaingia bure katika hifadhi zote za taifa, na mahali pa kupiga kambi tunalipa nusu. Mimi nikaomba yangu. Yule askari wa hifadhi akanitazama, akauliza umri, nikasema sitini. "Bado miaka miwili, mzee," akasema. Yaani aliniita mzee na kuninyima uzee kwa pumzi moja. Kwa hiyo safari nzima mimi naingia kwa mgongo wa mke wangu. Najua utakachosema: kwamba imekuwa hivyo tangu mlipokubali aolewe na kijana aliyemzidi miaka minne.

Nilikuambia wiki sita. Nadhani itakuwa zaidi. Karakana ya mabasi ya shule haina haja nami tena, na hatuna mtoto wa kutungoja nyumbani. Andika kupitia posta ya Cortez, Colorado. Watatushikia barua mpaka tufike.

Arlys anataka kuongeza neno kwa mkono wake.

Shemeji yako,
Orrin

Twila, hapa pazuri, vilima vina mistari kama keki ya tabaka. Mwambie Mama asihangaike, nitarudi kumsaidia kupanda viazi. A.


Pella, Iowa
6 Mei 1997

Shemeji Orrin,

Nimefurahi kupata barua. Goti ni lilelile, linapanda ngazi likitaka. Wiki hii ni sherehe ya maua, mji umejaa wageni, na mimi nimesimama siku mbili nikiuza soseji za kanisa mpaka nywele zinanuka mafuta. Jirani yenu anakata majani ya uani kwenu kama alivyoahidi. Yule paka amehamia kwake, na sidhani kama atarudi.

Kuhusu kadi, hongereni. Mimi nina miaka sitini na tisa na sijaichukua, wala sitaichukua. Sihitaji serikali iniandikie kwamba nimezeeka, kioo kinatosha. Na wewe, kijana wa miaka sitini, umekosea hesabu hata katika utani wako. Arlys ndiye aliyekuzidi miaka minne, si wewe uliyemzidi. Au na wewe umeanza?

Samahani. Hilo lilinitoka vibaya na sitaki kuchana karatasi nianze upya.

Orrin, ulisoma alichoandika kabla hujafunga bahasha? Mama tulimzika mwaka 1983. Arlys ndiye aliyechagua wimbo wa kaburini. Nijibu hilo kwanza, mengine yatangoja.

Twila


Cortez, Colorado
30 Mei 1997

Shemeji,

Barua yako ilitungojea hapa wiki mbili, kwa sababu tulikaa njiani zaidi kuliko nilivyopanga. Mvua ilinyesha milimani, breki zikahitaji kuangaliwa, nikalala chini ya gari siku nzima nikiwa na furaha kama zamani. Ni kweli nilikosea kuandika. Ni mimi niliyezidiwa, kwa miaka na kwa kila kitu.

Jana tuliingia Mesa Verde. Kuna nyumba za mawe chini ya mwamba, watu waliishi humo halafu siku moja wakaondoka, na hakuna anayejua vizuri ni kwa nini. Arlys alikaa akizitazama muda mrefu sana. Aliniuliza kama waliacha milango wazi.

Anaipenda ile kadi. Amejinunulia kamba, anaivaa shingoni. Huionyesha kila mahali. Juzi dukani aliionyesha ili alipie maziwa, tukacheka.

Kuhusu yale maneno, alikuwa amechoka. Ilikuwa siku ndefu ya upepo. Hakuna zaidi ya hapo, na nakuomba usiniulize tena. Leo hajaandika kwa sababu amelala.

Tunaelekea Utah, na Julai tutakuwa upande wa Yellowstone. Andika kupitia posta ya Springdale.

Orrin


Pella
17 Juni 1997

Shemeji Orrin,

Salamu kutoka kwa wote wanaowaulizia, nao ni wengi. Mahindi yamefika magotini mapema mwaka huu. Yule mzee wa kinanda amefariki, amezikwa Alhamisi, na tangu hapo kwaya inaimba kama kundi la bata.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umesema dukani mlicheka. Hukusema ni nani aliyecheka.

Najua unachokiona, kwa sababu nimewahi kukiona. Mama alianza hivyohivyo. Alianza na viazi, halafu akawa anaongea na watu waliokufa, halafu siku moja jiko likabaki linawaka na yeye yuko barabarani amevaa gauni la kulalia. Si kosa lako wala la Arlys. Lakini mtu wa namna hiyo hatembezwi maelfu ya maili ndani ya gari, alale kila siku mahali asipopajua.

Nilikwenda kwenye ile nyumba ya wazee alikokaa Mama. Wamepaka rangi upya. Kuna chumba chenye dirisha la mashariki kitakachokuwa wazi Septemba, nami nimeandikisha jina lake. Kuandikisha tu hakumfungi mtu.

Najua Arlys alikuapisha usimpeleke mahali pale. Mwezi Machi nilikuwa jikoni kwenu nikiosha vyombo, na mimi si kiziwi. Lakini ahadi ya mtu mzima wa afya hailishi mgonjwa. Mrudishe nyumbani, Orrin. Nitakusaidia.

Twila


Pella
14 Julai 1997

Orrin,

Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilifika. Ulisema Julai mtakuwa upande wa Yellowstone, kwa hiyo hii naituma West Yellowstone. Sitakuandikia habari za huku. Niandikie mstari mmoja tu kwamba mko hai.

Twila


West Yellowstone, Montana
4 Agosti 1997

Shemeji Twila,

Tuko hai. Barua zako zote mbili nilizipata.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nikianza na hasira sitamaliza. Ile ya Juni niliichukua posta ya Springdale, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaitia katika mfuko wa mlango wa gari. Nilikosea. Nilikwenda kujaza maji, na niliporudi Arlys alikuwa amemaliza kuisoma. Siku hizo, kati ya asubuhi tatu alikuwa na moja nzuri, na ile ilikuwa nzuri. Aliikunja vizuri kabisa akanirudishia. Akasema, "Twila anataka kunipeleka alikompeleka Mama." Hakulia. Aliniuliza kama nitakubali. Nikasema hapana. Akasema, "Sema tena, nisije nikasahau ulichosema." Nikasema tena. Kwa hiyo sikukujibu. Sikujua nikuandikie nini ambacho kisingekuwa matusi.

Sasa hili la pili. Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, tulifika lango la magharibi la Yellowstone. Foleni ndefu, joto, watoto wanapiga honi. Langoni alikuwepo askari mwanamke, mtu mzima, nywele za mvi amezisuka nyuma. Aliomba kadi na kitambulisho. Arlys hakuitoa shingoni. Yule mama akaniambia kwa adabu kwamba mwenye kadi ni lazima aionyeshe mwenyewe. Akainama akamsalimu Arlys kupitia dirisha langu, akamuuliza, "Huyu ni mume wako, bibi?"

Arlys akanitazama, Twila. Akasema, "Simjui huyu mwanamume. Nilimwomba anipeleke nyumbani, na hataki."

Unaweza kujua kilichofuata. Walituweka pembeni. Funguo wakazichukua, mimi nikakalishwa kwenye benchi upande mmoja wa kibanda na yeye upande wa pili, na askari mwingine kati yetu. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Nilitoa leseni, nikatoa cheti cha ndoa ambacho kumbe nilikuwa nacho kwenye sanduku la vifaa bila kujua ni kwa nini nilikipakia. Nilikikunjua kwa pupa hata karatasi ikachanika pembeni. Yule mama alisoma, akaniuliza taratibu ameanza lini. Hapo ndipo niliposema kwa mdomo wangu kwa mara ya kwanza. Nilisema tangu Krismasi ya mwaka juzi. Daktari wa Des Moines alituambia Februari. Wewe ni mtu wa pili kuambiwa, na wa kwanza alikuwa mgeni mwenye kofia.

Walimuuliza Arlys kama ana ndugu. Jina lako alilitaja bila kusita, na mtaa, na namba ya simu yote. Akasema, "Ni mkali, lakini kwake nitalala." Wakakupigia. Nilisikia simu ikiita kwa mbali. Wakapiga tena baada ya nusu saa. Hukuwepo.

Tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Halafu Arlys akainuka mwenyewe, akapita mbele ya yule askari wa kati kama mtu apitaye sebuleni kwake, akaniambia, "Orrin, mbona tumekaa juani? Utaungua shingo." Akanipandisha kola.

Yule mama mwenye mvi alituachia. Alinirudishia funguo, na kadi akamvisha Arlys mwenyewe. Nikamwambia nitalipa, maana sikuona kama nina haki tena. Akakataa. Akasema, "Kadi si yako, bwana. Wewe ni mgeni wake. Yeye akiwemo, unaingia."

Nimelifikiria hilo neno siku tano. Kutoka hapa tunaelekea Glacier, andika kupitia posta ya Dillon. Ningependa kujua ulikuwa wapi Jumatano.

Orrin


Pella
15 Agosti 1997

Shemeji Orrin,

Nilikuwa nyumbani.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilicho karibu na simu, na kikombe cha kahawa mkononi. Iliita, nikajua ni ninyi. Hakuna anayenipigia asubuhi ya Jumatano. Nilidhani ni wewe, umesoma barua yangu, unataka kunipigia kelele. Au nilidhani amekufa. Nilihesabu miito kumi na minne. Mara ya pili nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo mpaka ikanyamaza. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Kwa kuwa nimeanza, acha nimalize. Mama alipokuwa kule, tulikubaliana Arlys aende Jumatano na mimi Jumapili. Mwaka wa mwisho Mama alianza kuniita mwizi. Kila nikiingia alipiga kelele kwamba nimekuja kumwibia, na wauguzi walikuja mbio, na watu wote wa ile korido walinitazama. Nilivumilia mara tano au sita. Halafu nikaacha. Kuanzia Novemba hadi alipofariki mwezi Machi sikukanyaga pale. Jumapili baada ya ibada nilikuwa naendesha gari mpaka ziwani, nakaa humo saa moja, narudi. Jioni nilimpigia Arlys nikamwambia Mama amekula nini. Nilikuwa natunga. Kuku, viazi, pudini. Aliniamini kwa miaka kumi na minne.

Chumba cha dirisha la mashariki sikukichagua kwa ajili ya Arlys. Nilikichagua kwa sababu nilitaka mtu mwingine amtazame, na mimi nije nikiweza.

Jana nilikwenda kufuta jina lake. Karani aliniuliza kama mgonjwa amefariki. Nikasema hapana, ila ana mahali pengine. Sijui nilimaanisha wapi.

Nitapanda basi hadi St. Paul, halafu treni hadi East Glacier. Nitafika tarehe 11 Septemba jioni kama hutanikataza. Ulisema mnaelekea huko. Ukitaka kunikataza una haki, na sitakuuliza kwa nini.

Twila


Dillon, Montana
29 Agosti 1997

Shemeji,

Njoo.

Leta koti zito, huku asubuhi nyasi zina barafu. Mletee Arlys soksi za sufu, zake amezigawa. Aliwagawia watu kambini, hata sikujua.

Nikuambie ukweli ili usije ukapata mshtuko stesheni. Asubuhi nyingi sasa mimi ni dereva. Ananishukuru kwa kuendesha vizuri. Jioni huwa ananiuliza nalipwa na nani, nami humwambia nalipwa na mume wake, na yeye husema ni mtu mwema huyo, nimsalimie. Nimezoea, karibu. Anaweza kukuita mwizi na wewe. Akikuita, usiende ziwani. Njoo ukae upande wangu wa gari mpaka ipite.

Lile la simu nimelisoma. Na lile la Mama nimelisoma, na sitamwambia. Nilikuwa na hasira hadi Jumanne. Jumanne nilijishika nikimdanganya mtu wa kituo cha mafuta kwamba mke wangu ni bubu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza. Baada ya hapo sikuona tena mahali pa kusimama nikukasirikie.

Orrin


Pella
8 Oktoba 1997

Shemeji Orrin,

Natumaini posta ya Sheridan imekushikia hii na kwamba mmeshuka milima kabla ya theluji. Nimefika salama. Treni ilichelewa kwa saa sita, na mtu wa kiti cha pili alinionyesha picha za wajukuu wake wote kumi na mmoja. Kwaya imepata mpiga kinanda, msichana wa benki, anapiga haraka mno lakini tunamfuata.

Wiki tatu tulizokaa pamoja tuliongea mambo ya mkate na kuni na njia ya kupita. Tulielewana, nadhani. Lakini kuna jambo sikukuambia kule, kwa sababu ndani ya gari lile hakuna pa kusemea neno ambalo watu wote watatu hawatalisikia. Kwa hiyo nalileta kwa barua.

Unakumbuka ile asubuhi uliyokwenda kutafuta kuni, siku ya pili ya mvua, tukabaki Ziwa McDonald mimi na yeye. Nilikuwa nachana nywele zake. Wiki nzima alikuwa ananiita Twila, kisha muuguzi, kisha mama mwenye koti. Hakuniita mwizi hata mara moja, na kila siku nilikuwa nalisubiri. Ile asubuhi alinishika mkono wenye kichana akaniita Mama.

Nilitaka kumsahihisha. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Akasema, "Mama, ulinikasirikia?" Nikamuuliza kwa nini nimkasirikie. Akasema, "Siku za Jumatano. Sikuja zote. Nilikuwa nakaa kwenye gari hapo nje, naogopa kuingia. Nilimwambia Twila nimeingia."

Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alikuwa anamwogopa mwenzake, na Mama yuko ndani anakula kuku wa kutungwa. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Sikukukasirikia, mwanangu. Nilijua upo hapo nje." Akaniuliza, "Na Twila?" Nikasema, "Na Twila pia. Nyote wawili sikuwakasirikia."

Akasema vizuri basi, na kwamba nywele zinamuuma, nizichane taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Uliporudi na kuni ukaniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikakuambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Sijui nilikuwa na haki gani kusema kwa niaba ya Mama. Nimemuuliza mchungaji bila kutaja majina, akasema ataliombea, maana yake hajui. Mimi nalala usingizi sasa. Yeye naye nadhani alilala, siku tatu zile zilizofuata alikuwa mtulivu, wewe mwenyewe ulisema.

Sasa mambo ya mbele. Nimetoa cherehani na masanduku katika chumba cha chini hapa kwangu mtakachokaa, kile cha karibu na bafu. Seremala ameweka vyuma vya kushikia ukutani na amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, kinafungwa juu kabisa asipofikia. Vitanda ni viwili. Nyumba yenu utaiamua wewe, usiiuze kwa haraka. Nimezungumza na mjane mmoja wa kanisani aliyemtunza mumewe miaka sita. Atakuja asubuhi mbili kwa wiki, na ameniambia mambo ambayo afadhali nikuambie ukiwa umekaa. Inawezekana siku itafika ambapo sisi wawili hatutamweza, na itabidi tumpeleke mahali. Sikuahidi kwamba haitafika, na wewe nakuomba uache kuahidi. Ila ikifika tutaingia naye ndani, mimi na wewe, Jumapili na Jumatano na siku nyingine zote.

Usiendeshe zaidi ya saa nne kwa siku. Akikuita dereva, mpeleke anakotaka kwanza, kisha mgeuze. Mkifika hapa nami akaniuliza mimi ni nani, nitamwambia jina langu, na tutaanzia hapo.

Dada yenu,
Twila